Nilisema L ya Lugari, Nairobi wakaandika R ya Rugari: jinsi thesis yangu ya protini ilivyogeuka kachumbari

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu wote, mlioamka na mnaoenda kulala.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naweka yangu. Sitatia chumvi, kwa sababu Prof wangu husoma humu na anadhani sijui. Nikidanganya hata mstari mmoja, kesho ataniita ofisini.

Uzi ni mrefu. Kama una chai, mimina.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtoto wa Mautuma, kule Lugari, kwa wakulima wa mahindi. Nilikuwa nasoma masters ya biokemia kwenye chuo kimoja hapa Kakamega. Masters yenyewe ni ya miaka miwili. Wakati haya yanatokea nilikuwa mwaka wa tano.

Msicheke bado.

Barua ilikuwa imeshatoka ofisi ya uzamili: nisipomaliza muhula huu, jina langu linafutwa. Wakati huo huo mama yangu alikuwa ameanza kuniita daktari mbele ya watu wa kanisa. Nikimwambia masters haimfanyi mtu kuwa daktari, ananijibu nisijishushe. Kwa hiyo nilikuwa na muhula mmoja, jaribio moja lililobaki, na kanisa zima linalonisubiri.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nitaeleza polepole, wale wa Arts msikimbie.

Ndani ya kila seli kuna protini nyingi, na ndizo zinazofanya kazi. Seli ikitaka kuwasha au kuzima protini fulani, mara nyingi huibandika kitu kidogo kinachoitwa fosfati. Ikikibandua, mambo yanabadilika tena. Mimi nilitaka kujua kama mmea mmoja wa msitu wa Kakamega unabadilisha hizo fosfati kwenye seli za binadamu tunazokuza maabara. Jina la mmea sitaji. Nawajua, kesho mtaanza kuuchemsha.

Fosfati huwezi kuiona kwa macho wala kwa darubini. Unaipima kwa uzito, na mashine ya kufanya hivyo inaitwa mass spectrometer. Prof wangu ni mama mmoja wa Kabras, kwao ni watu wa miwa, na alinielezea mashine hiyo siku ya kwanza namna hii:

"Trekta ya miwa imepanda mizani, umejua uzito wake. Kesho inakuja na mzigo ule ule, lakini mizani inasema kilo themanini zaidi. Utasema nini?"

Nikasema kuna mtu amekalia miwa.

"Basi huyo mtu ndiye fosfati."

Na kweli, fosfati huongeza themanini hivi kwa vipimo vya molekuli. Halafu mashine inavunja kile kipande cha protini ili ijue huyo mtu amekaa sehemu gani ya mzigo. Hiyo ndiyo sayansi yote ya uzi huu. Mkiielewa hiyo, mmemaliza mwaka wangu wa kwanza.

Mmea nilikuwa nachuma Isecheno na mama mmoja guide wa msitu, tunamwita Anti Mmbone. Yeye ndiye anayejua kila kichaka kule ndani. Tulitaka kulinganisha majani na mizizi, kwa sababu watu wanachimba mizizi na kichaka kinakufa, na kama majani yanatosha, basi hakuna haja ya kuchimba. Nikasaga majani mabichi kwa maji baridi, nikasaga mizizi vivyo hivyo, nikachuja, nikawekea seli.

Chupa za seli zilizopata majani nikaziandika L, kwa Kiingereza *leaf*. Za mizizi nikaziandika R, *root*. Nne kwa nne. Za maji matupu nikaziandika W, na W hakuna mtu wa kabila lolote aliyewahi kuikosea.

Wakuu, mnaanza kuona shida inapotokea.

Mimi ni Mluhya. Kwenye mdomo wangu L na R ni ndugu wanaolala kitanda kimoja. Nikiwa nimetulia nazitenganisha vizuri tu, nimesoma. Lakini nikiwa na haraka, nasema rubuni na lubuni kwa pumzi moja na sisikii tofauti.

Mashine haiko Kakamega. Iko Nairobi, kwenye taasisi moja ya utafiti, na inaendeshwa na dada mmoja makini sana anaitwa Nduta. Nduta ni mtu wa Nyeri, na lugha ya kwao haina L kabisa. Wale mnaojua Wakikuyu na herufi L, subirini, tunafika.

Nilifunga sampuli vizuri, barafu kavu, boksi, kila kitu. Kabla ya kufunga nikazifuta chupa kwa spiriti ili ziwe safi. Naomba niseme tu kwamba wino wa ile kalamu yangu na spiriti havipatani. Mimi sikuangalia, nikafunga boksi.

Kesho yake niko Isecheno na Anti Mmbone, ndani kabisa, simu ina netiweki mstari mmoja, inapigika lakini picha wala ujumbe haupiti. Nduta akapiga.

"Herufi zimefutika," akasema. "Zile za W naona. Hizi zingine nane sioni vizuri, na zimeanza kuyeyuka. Nitakuelezea moja moja, uniambie ni gani."

Nikamwambia akisie tu, mimi nitakubali.

"Mimi sikisii sampuli za watu."

Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu. Akaanza. Anasema hii imebaki mguu mmoja umelala chini. Nasema hiyo ni L. Anasema hii imebaki tumbo kwa juu. Nasema hiyo ni R. Rahisi.

Shida ni kwamba kwenye simu inayokatika, L yangu inatoka "ero" na R yangu inatoka "ala", na huko Nairobi zote zinafika zikiwa kitu kimoja.

"Sema tena, ni gani?"

"L. L ya Lugari."

"R ya nini?"

"Lugari, dada. Kwetu. Lu-ga-ri."

"Sawa, nimeandika."

Kwa R nikatafuta jina la mahali, nikakosa. Hebu fikirieni. Lugari, Likuyani, Lurambi, kaunti imejaa L, lakini R sikupata hata kijiji. Nikaishia kusema R ya rangi. Anti Mmbone alikuwa amesimama pembeni na kapu lake ananiangalia tu. Baadaye aliniambia kwamba kwa masikio yake nilikuwa nasema "langi".

Tukamaliza nane zote. Nduta akanisomea orodha, mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, sawa kabisa. Zilikuwa nne kwa nne kama inavyotakiwa. Akaandika lebo mpya, akazipeleka kwa mashine, na kama ilivyo kawaida, chupa zilipokwisha zikatupwa.

Wiki tatu baadaye data ikaja.

Hakuna kitu.

Majani na mizizi vilikuwa sawasawa. Protini ile niliyokuwa nafuatilia, fosfati yake iko juu kwenye chupa moja, chini kwenye nyingine, juu tena, chini tena, bila mpango. Ukichukua wastani wa kundi la L na kundi la R, ni pacha.

Nikampelekea Prof. Akaangalia kurasa zote, akavua miwani, akaniuliza kama nina jambo lingine ninaloweza kufanya maishani. Hakuwa anatania. Nikatoka pale. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikaanza kupanga namna ya kumwambia mama kwamba daktari amerudi kulima, na niseme ukweli, nililia kidogo.

Ilibaki wiki mbili na nusu nitetee thesis. Prof akaniambia nitetee tu hivyo hivyo, niseme hakuna tofauti, tuone watahini watanionea huruma kiasi gani. Nikaanza kutengeneza slaidi za aibu.

Nikiwa natengeneza jedwali la sampuli, nikafungua faili la Nduta la maelezo, lile ambalo huwa hakuna mtu anayelifungua. Kuna sehemu ya mwisho ambapo mwendesha mashine anaandika chochote alichoona. Nikasoma:

R – Rugari.

Chini yake: L – langi.

Chini yake tena: L – Lugari.

Na nyingine: R – rangi. Maneno manne tu, na hakuna palipoandikwa ni ya chupa gani.

Nikampigia Nduta saa hiyo hiyo, nikamuuliza ilikuwaje Lugari moja ikawa L na nyingine ikawa R.

Akaongea polepole kama mtu anayekiri mbele ya pasta. "Mwanzo nilikuwa naandika vile nasikia. Halafu katikati nikakumbuka nyinyi watu wa huko mnabadilishaga hizo herufi. Nikaanza kukugeuzia. Ukisema R, naandika L. Nilikuwa nakusaidia."

Nikamuuliza alianza kunisaidia kutoka chupa ya ngapi.

Hakumbuki. Ya tatu au ya tano.

Hapo nikakumbuka kitu kibaya zaidi. Mimi pia, katikati ya simu, nilijishtukia. Nikajua nachanganya, nikaanza kujikaza na kutamka sawasawa kama mtangazaji wa habari. Nilianza kutoka chupa ya ngapi? Sikumbuki.

Kwa hiyo, wakuu, Mluhya aliyekuwa anajirekebisha alikuwa anaongea na Mkikuyu aliyekuwa anamrekebisha, na kila mmoja kwa adabu kabisa. Kama zingekuwa zimegeuzwa zote, ningegeuza slaidi tu na maisha yaendelee. Lakini zilikuwa kachumbari. Chupa zimetupwa, sampuli zimeisha, na foleni ya mashine ni ya miezi.

Sikumwambia Prof siku hiyo. Nilikosa ujasiri. Nilienda Isecheno kwanza kumwambia Anti Mmbone, kwa sababu alikuwa ametembea nami miaka minne na alinidai angalau maelezo.

Alikuwa amekaa nje anachambua mboga za kienyeji, vidole vyote kijani. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Wewe," akasema, "hizo majani si zilinipaka kijani kwa kucha wiki mbili, nikienda kanisa naficha mikono? Sasa hiyo mashine haionangi kijani?"

Nikamwambia mashine haioni rangi, inapima uzito tu.

"Basi si ipime hiyo kijani."

Nikamjibu kwa heshima kwamba haiko hivyo, Anti, sayansi ni ngumu kidogo. Nikaaga, nikashika njia. Nilikuwa nimefika karibu na geti la msitu nikasimama katikati ya barabara mpaka mwenye pikipiki akanitukana.

Jani la kijani lina protini moja ambayo imejaa kuliko nyingine zote. Inaitwa Rubisco. Ndiyo inayosaidia mmea kutengeneza chakula kutoka kwa hewa. Kwenye jani iko tele. Kwenye mzizi ulio chini ya udongo, karibu haipo. Na mimi majani nilisaga mabichi kwa maji baridi, sikuchemsha, kwa hiyo ilitoka yote na ile juisi. Ikiwa kidogo tu ilibaki kwenye seli zangu, mashine iliipima. Hatukuiona kwa sababu tuliiambia kompyuta itafute protini za binadamu peke yake.

Nilirudi kwa Anti Mmbone mbio kumwambia yuko sawa. Akaniuliza kwani alisema nini.

Sasa ikabidi nimwambie Prof yote, kuanzia spiriti mpaka Rugari. Alicheka mpaka akafuta machozi, nikadhani nimepona. Kisha akaacha kucheka, akanipa sharti moja: nisiguse data ya fosfati. Nduta peke yake atafute Rubisco, agawanye chupa nane kwa kijani na si kijani, aandike orodha, aisaini, ndipo sisi tufungue fosfati. La sivyo mtu atasema nilipanga chupa nikiangalia jibu.

Nduta alifanya hivyo kwa siku mbili. Orodha ikaja kwa maandishi, safari hii hakuna aliyepiga simu. Chupa nne zilikuwa na Rubisco nyingi, nne hazina hata tone. Nne kwa nne.

Tukafungua fosfati. Zile nne za kijani, fosfati ya protini yangu iko chini, zote, zimepangana. Zile nne nyingine ziko juu, sawa na za maji matupu. Majani yanafanya kazi. Mizizi haifanyi chochote. Prof alinishika bega, na miaka mitano hajawahi kunishika bega.

Ningemalizia hapa ningeonekana shujaa. Lakini niliahidi ukweli.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje alikuwa mzee mmoja mpole kutoka chuo kingine. Nilieleza hadithi ya Rubisco, chumba kizima kikacheka, hata mwenyekiti. Yeye hakucheka. Alikuwa anapekua daftari langu la maabara.

"Hii njia ya Rubisco ni nzuri," akasema. "Swali langu ni dogo. Hapa umeandika kwamba baada ya kuweka dawa, uliosha seli mara tatu. Umeandika hivyo kila ukurasa. Seli zikioshwa mara tatu, protini ya majani inabaki vipi nyingi hivi?"

Wakuu.

Kuosha seli ni kumwaga maji ya chumvi, kuzungusha, kumwaga nje, kurudia. Protokali inasema mara tatu. Inachosha. Mimi nilikuwa naosha mara mbili. Ijumaa, kama kuna mtu ananisubiri, mara moja. Na daftarini naandika tatu, kwa sababu protokali inasema tatu na hakuna anayesimama pale akihesabu.

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema Rubisco ni ya kunata, inashika kwenye seli. Lingekubalika. Digrii ilikuwa pale mezani, mama alikuwa ameshaomba siku ya shukrani kanisani.

Lakini kama Rubisco inanata hata kwa kuosha mara tatu, basi kila mtu atakayesoma kazi yangu atajenga juu ya uongo huo. Na kama ninadanganya kuhusu kuosha, kwa nini mtu aniamini kuhusu fosfati? Prof alikuwa ananiangalia, nilijua bila kugeuka.

Nikasema, "Niliosha mara mbili. Siku zingine moja."

"Na kwa nini uliandika tatu?"

"Kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuandikwa."

Hakuna aliyecheka tena. Wakaniambia nitoke nje.

Nilikaa nje kama saa moja. Waliponiita, hawakunifaulisha na hawakuniangusha. Wakaniongezea muda mfupi nirudie jaribio lile moja tu, chupa ziwe na namba badala ya herufi, na nioshe mara tatu mbele ya Prof. Ikiwa Rubisco itapotea na fosfati ibaki chini, nitapata digrii.

Prof alisimama nyuma yangu na koti lake jeupe akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mtu wa miaka thelathini na moja naoshwa mikono kama mtoto wa nasari. Nduta aliiomba ofisi yake, akatupatia nafasi mtu mmoja alipoahirisha.

Jibu likaja: Rubisco hakuna. Fosfati iko chini vile vile.

Nilipita.

Kabla ya kusaini fomu yangu, Prof alinirudishia daftari langu la zamani na kalamu nyekundu. Akasema nipitie kila mahali nilipoandika tatu, niandike pembeni idadi ya kweli, tarehe ya leo, na sahihi. Zilikuwa kurasa thelathini na nane. Nilikaa ofisini kwake tangu asubuhi. Mbili. Mbili. Moja. Mbili. Pale nisipokumbuka niliandika "sikumbuki", na hizo ndizo zilizoniuma zaidi.

Kuna ukurasa mmoja, wa mwaka wa kwanza, ambapo najua kabisa niliosha tatu. Nilikuwa bado mgeni na naogopa. Nikamuuliza Prof hapo niandike nini.

Akasema, "Hapo acha tu."

Nikauangalia ule ukurasa. Haukuwa na tofauti yoyote na ile mingine kabla sijaigusa kwa nyekundu. Tatu yangu ya kweli na tatu zangu za uongo zilikuwa na mwandiko mmoja.

Mama nimeshamwambia mimi si daktari. Amesema sawa, daktari.

Nilichojifunza: Daftari linajazwa ulichofanya, hata kama ni aibu, kwa sababu siku moja aibu hiyo ndiyo itakuwa ushahidi wako. Na ukimsaidia mtu kurekebisha matamshi yake, mwambie kwamba unamsaidia.

Sasa nyinyi mlio maabara, hospitalini, kiwandani, popote mnapojaza fomu: huwa mnaosha mara ngapi kweli? Tiririkeni hapa chini, hakuna wa kuwahukumu. Ila jibuni kwa namba, herufi sitaki tena.